Nilinunua Kipima Utamu Kwa Sababu Sionji Tena

Jumapili jioni, Madale. Wingu limekaa juu ya vilima tangu alfajiri na mvua haishuki. Nguo nimezianika na kuzianua mara mbili. Joto ni lile la kunata, la kumfanya mtu ajifunge khanga moja na kuzima jiko mapema.

Sijaandika humu siku kumi na zaidi. Nilikuwa na jambo moyoni, na kila nilipofungua ukurasa niliandika habari za maji kukatika na mbwa wa jirani, nikafunga. Leo naliandika.

Sionji.

Sisemi kwamba sina hamu ya kula. Hamu ninayo, tena inaniuma. Ladha ndiyo sina. Natia kijiko mdomoni, ninachopata ni joto, ulaini, ukavu, kitu kinachoteleza au kinachotafunika. Chumvi ikizidi sana naihisi kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Pilipili inawasha, lakini kuwasha si ladha. Na harufu imeondoka kabisa, hata ya moshi.

Ni karibu miaka miwili sasa. Ilianza na homa mbaya ya mafua iliyonilaza zaidi ya wiki. Deo, mume wangu, ni fundi umeme, na wakati ule ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi ya mradi Mtwara. Aliomba ruhusa akaja kuniuguza. Alinikanda, alinifulia, alinipikia uji. Siku ya tisa simu za kazini kwake zikawa haziishi. Akakaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, "Umepona kweli, Mama Gloria? Niambie ukweli, nisije nikaacha mgonjwa nyumbani."

Nikamwambia nimepona. Uji wake haukuwa na ladha yoyote, nikausifu kuwa mtamu.

Nilidhani uongo huo utaisha wiki ile ile, ladha ikirudi. Daktari niliyemwendea peke yangu alisema inaweza kurudi na inaweza isirudi, nivute subira. Nimevuta. Na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema, maana sasa nisingesema tu kwamba naumwa, ningesema pia kwamba nilidanganya.

Mtu akisikia mwenzake haonji anafikiri anakosa chakula. Mie nakosa vitu ambavyo sikuwahi kujua kama ni mali yangu. Udongo wa hapa kwetu ukiguswa na mvua ya kwanza. Kichwa cha Gloria, binti yetu, akirudi likizo kutoka shule ya bweni na mafuta yake ya nazi. Mwezi wa kumi na moja mama alinitumia senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu, kutoka Bukoba. Nilikaa jikoni, bakuli mapajani, nikawatafuna mmoja mmoja, nikingoja hata mmoja wao aniambie kitu. Walikatika mdomoni kama njiti. Nikampigia mama nikamwambia asante, mwaka huu wamenona.

Na shati la Deo. Akiondoka kurudi Mtwara huacha shati moja la kazi halijafuliwa, ni mtindo wetu wa siku nyingi, na nilikuwaga nalala nalo. Bado nalala nalo. Ni kitambaa tu.

Ubaya wa mambo ni kwamba mie ndiye niliyekuwa ulimi wa ukoo. Harusini au msibani, sufuria haikuteremshwa mpaka Felista aitwe aonje. Nikisema bado, ni bado. Na divai ndiyo ilikuwa fahari yangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikuwa tumepanga chumba Ukonga, na siku moja Deo akarudi na tenga zima la nanasi alizopewa na mteja. Tulikula mpaka midomo ikachubuka. Zilizobaki nikazikamua, nikaongeza sukari huku naonja, nikatia hamira, nikafunika. Wiki kadhaa baadaye tukawa na divai yetu wenyewe. Tangu hapo kila mwaka, kwa ajili ya siku yetu ya ndoa mwezi wa pili, natengeneza madumu mawili, moja la nyumbani na moja la wanajumuiya wa kanisani. Sikuwahi kupima kitu. Nilionja juisi, nikaongeza sukari, nikaonja tena, nikajua.

Mwaka jana nilibahatisha.

Deo alikuja, tukakaa barazani, nikammiminia. Alikunywa glasi yote, akasema nzuri, na hakuomba ya pili. Kesho yake asubuhi, nikiwa dirishani, nilimwona akiimwaga iliyobaki kwenye migomba, kidogo kidogo, huku akigeuka nyuma kama anayeiba. Hakuniambia kitu, nami sikumwambia nilichoona. Ila siku ya kuondoka, tukiwa mezani, alisema bila kunitazama, "Siku hizi unapika kama mtu ambaye mawazo yake yako kwingine." Kisha akaniuliza kama kuna mahali amenikosea.

Nilielewa. Alikuwa anauliza kama bado nampenda. Nikajibu kwamba nina uchovu wa kazi.

Basi mwaka huu niliapa divai itakuwa sawa, ulimi uwepo usiwepo. Nikaingia mtandaoni kusoma. Watu wanaotengeneza divai nyumbani wana kifaa kinaitwa rifraktomita. Unadondoshea tone la juisi kwenye kioo chake, unachungulia, unaona namba inayokuambia katika gramu mia za juisi hiyo, sukari ni gramu ngapi. Nikasema moyoni, huo ndio ulimi wangu mpya.

Jumatano nilitoka kazini mapema. Nashughulikia mafaili kwenye ofisi moja Mikocheni, na mtaa wa nyuma, katikati ya karakana na maghala, kuna duka la vipimo vya kila namna: mizani za masonara, vipimajoto, futi za mafundi. Mwenyewe ni mzee Murtaza, familia yao ni ya asili ya Kihindi na duka alilirithi kwa baba yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa anaifungua. Nikamwambia nataka kipimo cha sukari.

"Cha damu kiko duka la dawa, mama."

"Si cha damu, mzee. Cha... cha vitu vya majimaji."

Hapo akainua macho. "Asali? Wengi wanaochukua hiki wanapimia asali, wasiuziwe maji."

Nikasema ndiyo, asali. Uongo mwingine huo, tena kwa mzee wa watu. Niliona haya kumwambia mswalihina yule, mtu wa msikitini, kwamba nataka kupimia pombe.

Akanitolea kibomba kifupi cha chuma, kama darubini ya kuchezea. "Ni cha bei rahisi, sikufichi," akasema. "Hivi vikitoka kiwandani vinakuja na makosa. Lazima ukirekebishe mwenyewe kwanza." Akanionyesha skrubu ndogo mgongoni na bisibisi yake, ndogo kama sindano ya kushonea viatu. Unadondoshea maji matupu. Maji hayana sukari, kwa hiyo mstari unatakiwa usimame kwenye sifuri. Usiposimama, unazungusha skrubu mpaka usimame.

"Maji ya betri, mama. Usitumie ya kisima. Huko kwenu visima vina chumvi, vitakiharibia hesabu. Na usikirekebishe kwenye joto. Kikae kivulini, kipoe."

Kisha akachukua sukari ya chai ya wageni, akakoroga kidogo kwenye maji, akadondoshea ili nione. Alichungulia yeye kwanza. Alichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mie nina kisukari mwaka wa kumi na nne," akasema, jicho bado limebanwa kwenye kile kibomba. "Sukari naionaga humu tu."

Akacheka. Nilitaka kumwambia, mzee, hata mie. Nikamshukuru nikaondoka.

Alhamisi nilinunua nanasi kumi za Kiwangwa. Mbili tatu zilikuwa zimelegea upande mmoja, nikachukulia ndiyo kuiva. Nikamenya, nikaponda, nikakamua, nikafunika ndoo kwa kitambaa safi na kuiacha kona ya jikoni. Nilipanga kupima Ijumaa, lakini Ijumaa ofisini tulikaguliwa mafaili, nikarudi nimechoka. Nikaahirisha mpaka Jumamosi. Deo alikuwa anafika Jumamosi hiyo jioni. Nilitaka mpaka atakapofika kila kitu kiwe kimefungwa dumuni na kifaa kimefichwa kabatini chini ya vitambaa vya meza. Yaani nilikuwa nanunua ulimi na kuuficha.

Jumamosi asubuhi nikaenda njia panda kwenye duka la spea kununua maji ya betri. Muuzaji akaniuliza gari aina gani. Nikamwambia sina gari. Akanipa huku ananitazama sana.

Tone la kwanza, mstari ukasimama kwenye mbili. Maji matupu yana sukari mbili! Nikazungusha skrubu, mstari ukazama chini ya sifuri ukapotea. Nikarudisha, ukapita. Nikahangaika hivyo mpaka ukatulia. Nikahamia sebuleni kwenye mwanga mzuri, nikachungulia tena, umehama. Ndipo nikakumbuka mzee alivyosema kuhusu joto, na mie muda wote nilikuwa nimesimama kando ya jiko la maharage. Nikaviweka kifaa na maji chini ya feni nusu saa, nikafagia uwanja ili nisivishike.

Safari hii nilizungusha skrubu kwa kubana pumzi. Juu bluu, chini nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana, sifuri. Mie niliyeikimbia fizikia kidato cha pili. Nilikaa nikiitazama ile sifuri kama picha ya mtoto.

Kisha nikadondoshea juisi. Tisa.

Nilikuwa nimesoma kwamba nanasi iliyoiva vizuri inafika kumi na tatu, kumi na nne. Nikakilaumu kifaa. Nikakijaribu: kwa mzani wa keki nikapima sukari gramu kumi na maji ya betri gramu tisini, nikakoroga mpaka ikayeyuka. Kama kifaa ni kizima kilitakiwa kisome kumi. Kikasoma kumi, bila kuyumba. Basi kifaa hakina kosa. Nikamlaumu muuza nanasi. Nikaongeza sukari, nikapima, kumi na tano. Nikaongeza, kumi na nane. Ishirini. Ishirini na mbili, kiasi walichosema cha divai nzuri. Nilifurahi jamani. Nilisimama dirishani, jicho moja kwenye kibomba, nikijisikia tena Felista yule wa zamani anayeitwa kwenye masufuria ya watu.

Deo akaingia. Alikuwa amepata lifti ya gari la mradi, akafika saa nane mchana. Aliniona nimeelekeza kibomba angani, akaweka begi chini.

"Unatafuta mwezi mchana huu?"

Nikakificha nyuma kama mtoto. Akacheka, akanijia mikono wazi, halafu katikati ya jikoni akasimama. Uso ukabadilika.

"Mama Gloria, kuna nini kimechacha humu?"

Nikasema hakuna. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akafunua, akarudi nyuma. "Hii si imeshakuwa siki! Inanuka mpaka getini. Husikii?"

Husikii.

Tisa ile haikuwa kosa la kifaa wala la muuza nanasi. Juisi ilikuwa imechacha siku mbili katika joto hili, utamu wake umeliwa, na mie nikamwaga sukari juu yake nikiangalia namba. Kifaa kiliniambia ukweli wake wote. Ila pua hakina.

Ningeweza kusema nina mafua. Lilikuwa tayari ulimini, neno jepesi kabisa. Nikamwangalia, vumbi la safari kwenye nyusi zake, nikachoka.

"Sisikii, Deo."

"Husikii nini?"

"Harufu. Wala ladha. Tangu ile homa."

Alikaa juu ya kigoda polepole, kama mzee. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na ule uji wangu?"

"Sikuuonja."

"Divai ya mwaka jana?"

"Nilibahatisha. Na nilikuona ukiimwaga."

Akajifunika uso kwa viganja. Nilidhani anacheka. Alipoviondoa macho yalikuwa mekundu. "Nilidhani umenichoka," akasema. "Mwaka mzima kule kambini nikilala nafikiria, nilimfanyia nini mke wangu. Nimefikiria mpaka mambo ya zamani, tulipokuwa tumepanga Ukonga."

Hili niliandike kama lilivyo, nisijipambe. Nilimdanganya ili nimwokolee siku chache za kazi, na badala yake nikamnyang'anya mwaka mzima wa amani. Nilikuwa nikijiona mvumilivu, kumbe mzigo nilimtwisha yeye bila kumwambia una nini ndani.

Hakunisamehe hapo hapo. Alitoka akasimama nyuma ya nyumba muda mrefu. Aliporudi alikuwa na hasira. "Ungeniambia ningekuja."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Hilo si jibu, Felista." Haniitagi kwa jina ila akiumia.

Tulikula maharage. Baada ya chakula akabeba ndoo upande mmoja, mie upande wa pili, tukaenda kuimwaga.

Leo baada ya misa alisema twende tukanunue nanasi. Alizichagua yeye. Moja moja aliigeuza, akaweka pua pale chini ilipokatiwa, akavuta, akarudisha, akachukua nyingine, mpaka mama muuzaji akauliza kama baba anachagua mchumba. Mie nilisimama na kikapu. Nilimwonea wivu, siwezi kuficha. Wivu wa kweli, wa kifuani.

Nyumbani tukakamua papo hapo. Nikakipoza kifaa, nikadondoshea maji ya betri, sifuri. Nikadondoshea juisi, kumi na nne. Nikaandika kwenye daftari. Kisha nikampa Deo kikombe.

"Onja."

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu tu. Ya nanasi."

Deo si mtu wa maneno, na siku nyingine ningemwacha. Lakini nikamwambia lile ambalo hata mwenyewe nilikuwa sijalisema. Kwamba naanza kusahau. Zamani nilikuwa nikitazama nanasi naikumbuka ilivyo mdomoni, sasa natazama nanasi naona rangi ya njano. "Niambie ilivyo," nikasema. "Usiniachie niisahau."

Akanywa tena, safari hii akafumba macho. Alikaa nayo mdomoni.

"Inaanza na sukari, hapa mbele," akasema polepole. "Halafu uchachu unaingia pembeni, unakaza taya. Unataka kukunja uso. Kabla hujakunja unaachia, unabaki utamu mwingine, mzito, uko nyuma huku karibu na koo. Na ulimi unawashawasha, kama ukilamba betri ndogo kuona kama ina moto."

Nilicheka. Fundi umeme huyo. Na nilipokuwa nacheka, taya likanikaza. Mate yakanijaa mdomoni ghafla, mengi, mpaka nikameza mara mbili.

Sikuonja kitu. Nisidanganye tena humu. Nilitia juisi mdomoni baada ya hapo, ilikuwa maji ya baridi kama jana na juzi. Lakini mdomo wangu ulikuwa unakumbuka, hata kama mie nimesahau. Nikaenda kusimama barazani kidogo.

Tuliendelea pamoja. Naongeza sukari, napima, anaonja. Kwenye ishirini akasema inatosha. Nikamwambia kifaa kinataka ishirini na mbili. Akasema kifaa hakitakunywa. Tukabishana kama watu waliooana zamani, tukaishia ishirini na moja. Pembeni ya kila namba nimeandika maneno yake. Daftari linachekesha. Nimetia hamira, dumu limefungwa.

Sasa hivi amelala kwenye kochi, mguu mmoja chini. Bado kuna kiasi cha hasira ndani yake, nakijua, kitatoka siku yake na nitakipokea. Ana siku tisa kabla ya kurudi Mtwara, na mie nina miaka miwili ya kuuliza. Kitunguu kikianza kugeuka rangi kinanukaje? Chapati ikiungua? Mie mwenyewe, shingoni, nikitoka kazini?

Sijui nitaanza na lipi. Labda chai. Asubuhi nitatwanga tangawizi nyingi, nimmiminie, nikae mbele yake nimwulize.